Jiwe Jekundu la Kichwani mwa Mama

Baba,

Shikamoo. Nimeandika neno hilo kisha nikaiweka kalamu chini kidogo, nikisubiri uitikie. Ndivyo ulivyonizoesha. Hukuwahi kuiacha shikamoo yangu ining'inie hewani, hata ulipokuwa umeuma penseli na mikono yote miwili imeshika jiwe. Uliitikia kwa pua.

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, pale ulipokuwa ukivulia viatu ili vumbi la kazini lisiingie ndani. Mama yumo chumbani kwenu. Huu ni mwezi wa tatu wa eda yake, unakwisha wiki hii. Umebaki mwezi mmoja na siku kumi. Kinachonifanya niandike ni dirisha la chumba hicho. Miezi yote hii nimekuwa nikiliogopa dirisha, Baba, kama watu wanavyoogopa mbwa wa jirani. Nitakueleza kwa mpangilio kadiri nitakavyoweza. Nikirukaruka, nisamehe. Akili yangu siku hizi haikai mahali pamoja.

Unakumbuka jinsi chumba kile kilivyojengwa? Kilijengwa kwa mkoba. Kutwa ulikuwa karakana ya Temeke, ukikata mawe ya graniti kwa ajili ya majiko ya watu wenye nyumba kubwa, na jioni ulirudi Mbagala na kipande kimoja cha mabaki kilichofungwa kwa gazeti. Bosi wako alikuwa amekuruhusu: "Chukua, fundi, yatakuja kuniziba mlango hayo." Siku moja cheusi chenye nukta za fedha, siku nyingine cha kijivu, mara cha kijani kilichokaa kama maji ya kisima. Mama alipokea mkoba, mkono unashuka kwa uzito.

"Baba Nasra, wenzio wanarudi na samaki."

"Samaki utamla leo yaishe," ulimjibu. "Hiki utazeeka nacho."

Ukaanza kubandika, ukuta hadi ukuta, kisha sakafu. Juu ukaweka dari ya jipsamu, na dirisha la aluminiamu lenye vioo vya kuteleza, la kwanza mtaani kwetu. Wengine wote walikuwa na nyavu tu. Mama Shaibu wa nyumba ya pili alikuja kuchungulia, akashika kiuno. "Fundi, hiki chumba au ikulu? Tutaingia kwa kadi?" Ulifurahi siku hiyo mpaka ukasahau kula.

Na penseli yako nyekundu! Kila jiwe uliliandika mgongoni: linakwenda wapi, na la nani. Ulisema jiwe lisiloandikwa ni jiwe la mtu mwingine. Likizo ya kidato cha pili nilikuwa msomaji wako. Miwani yako ilikuwa imechafuka saruji, basi mie nilipindua mawe nikisoma kwa sauti: "Pembeni kulia. Juu ya swichi. Chini ya swichi." Nawe uliyapokea moja moja kama mtu anayepokea watoto kutoka kwenye gari.

Kisha likaja lile jekundu. Lilikuwa kubwa kuliko yote, lina mistari myeupe, na Mama alisema limekaa kama nyama ya mbuzi buchani. Nikalipindua. Mgongoni uliandika "Dirishani."

"Baba, zuri hivi linakwenda dirishani?" nilikuuliza. "Si litafunikwa na pazia? Mwekee Mama kichwani, akikaa kitandani aliegemee."

Ulilitazama jiwe, ukanitazama mimi. "Haya. Mkaguzi kasema." Ukaandika kitu mgongoni mwake, sikujali ni nini, ukalipachika madonge matano ya gundi, ukaligandamiza ukutani kwa kifua chako mpaka likashika. Tangu siku hiyo ukaniita Mkaguzi. Na tangu siku hiyo Mama amelala na jiwe lile kichwani.

Nataka ulishike hilo, Baba, kwa sababu hofu yangu yote imeanzia hapo. Ni mimi niliyelichagulia mahali.

Nilipopata kazi ya ukarani kwenye ofisi inayopima sampuli za mawe na udongo, uliwatangazia watu wote msikitini. "Baba fundi wa mawe, mtoto karani wa mawe!" Hukuuliza sana tunapima nini. Nilikwambia juujuu tu, nawe ukatikisa kichwa kwa heshima kama mtu anayesikiliza hotuba ya Kiarabu. Sasa nakueleza vizuri.

Karibu kila jiwe lina chembe kidogo za madini ya urani, mengine yana nyingi kuliko mengine, na graniti ni miongoni mwa hayo. Madini hayo hujivunja yenyewe polepole, tangu dunia ilipoumbwa, na katika kujivunja hutoa gesi iitwayo radoni. Haina rangi, haina harufu. Ikitokea nje, upepo huichukua na hakuna neno. Ikitokea ndani ya chumba kilichofungwa, hujikusanya, mtu akaivuta miaka na miaka, na inaweza kumdhuru mapafu. Ndiyo maana watu wanatuletea mchanga, matofali, saruji na vigae. Mimi nasimama mapokezi, naandika lebo, naingiza daftarini. Nyuma yangu wanausaga mzigo, wanauchekecha, wanaujaza kwenye kopo na kulifunga kabisa kwa utepe. Kopo linakaa rafuni karibu mwezi mzima kabla ya kupimwa, ili gesi isipate pa kutorokea, izaliane humo ndani mpaka ifike kiwango chake.

Nilikuwa nayajua haya yote, Baba, na sikuogopa. Nilikuwa nayajua kama karani.

Kisha wewe ukaanza kukohoa. Kisha ukaacha kwenda Temeke. Hayo mengine tuliyaona wote, sina haja ya kukukumbusha. Tulipokuzika, Shangazi Mwanaidi hakurudi kwake. Alisema anabaki kumlinda wifi yake mpaka eda iishe, na kazi ya kwanza aliyoifanya ni kulifunga dirisha. Unajua kijiwe cha bodaboda kiko pale chini, hatua nne kutoka ukutani. "Mjane wa kaka yangu hataonekana na wale wahuni, wala sauti yake hawataisikia," alisema. Akavuta kioo, akatundika blanketi la kijivu, na kando zote akazibandika kwa utepe wa kahawia. Mlango nao ukawa wa kufungwa. Mama alikuwa hana nguvu ya kubishana na mtu. Aliketi kitandani na nguo zake nyeupe, mgongo kwenye jiwe jekundu.

Wiki ya pili nilirudi kazini. Walikuwa wachache siku hiyo, wakaniomba nisaidie kufunga makopo. Nikashika utepe wa kahawia, nikazungusha mara moja, nikazungusha mara ya pili, mkono ukakataa. Utepe uleule. Tunalifungia jiwe gesi izaliane, na nyumbani tumemfungia Mama. Niliomba ruhusa nikaenda chooni nikakaa juu ya ndoo.

Dada Upendo, mtaalamu wetu, mtu wa Moshi, mtaratibu, alinifuata. Nikamwambia yote. Hakucheka, na hakushtuka pia.

"Nasra mdogo wangu, nyumba nyingi za hapa Dar zinapumua," alisema. "Nyavu, matundu, milango wazi kutwa nzima. Ukiniambia nyumba ya Mbagala, kwa kawaida nisingejali. Ila hicho chumba unachonisimulia hakipumui. Kifungue."

"Shangazi hatakubali."

"Umemwambia sababu?"

Sikuwa nimemwambia. Ningeanzaje? Wiki mbili baada ya kukuzika, nisimame mbele ya dada yako niseme kaka yake aliyejenga kwa mkoba alijenga hatari? Nilifanya kile anachofanya mtu mwoga aliyesoma: nikatafuta kipimo kwanza. Dada Upendo alinipa kikombe kidogo cheusi cha plastiki chenye utando ndani unaoshika alama za ile gesi. Unakitundika chumbani miezi mitatu, kisha kinasomwa. Nikakiandika namba, nikaingiza daftarini "Mbagala, chumba cha kulala" bila kusema cha nani. Nikakitundika kwa uzi nyuma ya kabati Mama akiwa bafuni. Tena nikachukua kipande cha lile jiwe jekundu kilichobaki uani, ulichokuwa umekiweka chini ya ndoo ya maji, nikakipeleka kikasagwe.

Baba, najua ungecheka kwa hili linalofuata.

Jumamosi moja asubuhi nipo jikoni nakuna nazi, nasikia ukunga. "Nasra! Njoo uone! Mama yako anataka kuuawa ndani ya nyumba yake!" Nikakimbia na mbuzi ya nazi mkononi. Shangazi alikuwa akifagia utando wa buibui, akakikuta kikombe. Amekishika kwa koleo la jiko, mkono ameunyoosha kabisa mbali na mwili.

"Cheusi! Kina uzi! Kina namba! Namba za nini kama si hesabu za majini?"

"Shangazi, kiache, hicho si..."

"Nikiache? Nimeshakisomea!" Akakichovya kwenye ndoo ya maji ya chumvi, akakishikilia humo kama anazamisha paka. Povu likatoka. Wiki tano za kipimo zikaenda na lile povu.

"Huyu ni Mama Shaibu," aliendelea. "Tangu zamani ana kijicho na hiki chumba. Ikulu, ikulu! Nilimsikia mwenyewe!" Na alikuwa tayari anatafuta mtandio atoke.

Mama, ambaye kwa wiki zile alikuwa akijibu kwa kichwa tu, alinyoosha mkono. "Wifi, hebu nilete hicho." Akakipokea, maji yanachuruzika kwenye nguo nyeupe, akakisogeza karibu na macho. "Mchawi gani ana mwandiko mzuri namna hii? Saba yake ina mkia. Huu mwandiko wa mwanangu."

Wote wawili wakanigeukia. Nilikuwa bado nimeshika mbuzi ya nazi.

Nikasema. Niliyasema vibaya, mwisho mbele, mwanzo nyuma, nikitaja urani kabla ya kutaja dirisha. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akaketi kwenye kona ya kitanda.

"Kwa hiyo kaka yangu kamjengea mkewe sumu."

Ndilo neno nililokuwa nikilikimbia, Baba. Nililia kama mtoto, na aibu juu.

Mama alinifuta machozi kwa pindo la nguo yake. "Baba yako alikuwa anajua?"

"Hakujua. Hata mie sikujua."

"Basi asishitakiwe mtu." Alikigeuza kikombe mkononi. "Na dirisha likiwa wazi?"

"Likiwa wazi inatoka, Mama. Hewa ikipita, inabaki kidogo sana, kama ilivyo nje."

"Haya. Wifi, dini imenikataza mapambo na kutembeatembea. Hewa haijanikataza."

"Na wale wahuni wa bodaboda?"

"Tundika jamvi kwa nje. Hawatatuona."

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Shangazi alitundika jamvi, alilishona mwenyewe kwa sindano ya magunia, lilikaa vizuri sana. Akabandua utepe, akavuta kioo. Mimi nikaenda kazini moyo mweupe. Jioni nikarudi nikakuta kimefungwa.

"Mbu," alisema. Kesho yake: "Vumbi." Keshokutwa: "Wanatukanana wale, mjane asikie matusi?" Hakuwa mkaidi tu, Baba. Nilikuja kumwelewa baadaye. Kila mara aliposukuma kioo kile aliona kama anakubali kwamba ulikosea.

Nikaanza kupiga simu kutoka kazini. "Mama, dirisha liko wazi?" "Liko wazi, mwanangu." Lakini likiwa wazi, nyuma ya sauti yake husikika wale vijana wakigombea abiria. Mama alikuwa ananidanganya ili nisihangaike, na ukimya uliokuwa nyuma yake ulimsema. Nilikuwa nakata simu, naandika lebo, nakosea tarehe, nachana, naandika tena. Mtu mmoja aliyeleta mchanga wa Kimara aliniuliza kama ninaumwa.

Majibu ya jiwe yalitoka wiki iliyopita. Karatasi ilipita mezani kwangu kama karatasi nyingine zote. Kazi yangu ni kuigonga muhuri. Dada Upendo akaniita kabla sijaisoma mara ya pili.

"Limezidi mawe mengi tunayopokea," alisema. "Sikufichi. Lakini usilibebe kama maiti. Chumba kikipitisha hewa, hata kulibandua si lazima."

"Na Baba?"

Alivua miwani. "Kwa baba yako sitasema nisichokijua, na hakuna karatasi hapa itakayokwambia. Mtu aliyekata mawe makavu miaka yote hiyo bila barakoa, mimi ningeanza na vumbi."

Vumbi. Lile ulilokuwa ukilikung'uta hapa nilipokaa, kwenye ngazi hii, ili lisitufikie. Nimejaribu kuliacha swali hilo hapo alipoliacha yeye. Mchana naliacha. Halafu namwona Mama ameegemea, na linarudi.

Jioni ya siku ile ya majibu nilimwambia Mama lile ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Kwamba wewe ulitaka jiwe jekundu liwe dirishani, na mimi, kwa ujuaji wangu wa kidato cha pili, nikalipeleka kichwani kwake. Alinisikiliza huku anasukuma nywele zangu nyuma ya sikio.

"Mtaalamu wenu kasema lazima litoke?"

"Hapana. Dirisha likiwa wazi inatosha."

"Ila wewe linakusumbua."

"Linanisumbua, Mama."

"Basi libanduliwe. Sina haja ya kuegemea kitu kinachokutesa."

Jumapili alikuja fundi Msafiri, mwenzako wa karakana. Mama alihamia chumbani kwangu ili asionane na mwanamume, Shangazi akaketi mlangoni kwake kama askari. Mie nikabaki na fundi. Aliweka tindo kwenye ukingo wa jiwe, akagonga, akasikiliza, akagonga tena.

"Huyu mzee!" alisema. "Madonge matano tu, lakini ameyakaza kama anajenga bandari. Marehemu hakutaka mtu amfuate kumrekebisha."

Lilitoka mara ya nne, zima, bila ufa. Msafiri alilishusha sakafuni uso chini. Gundi ilikuwa imeng'ang'ania pembeni na katikati, na kati ya donge na donge jiwe lilikuwa kavu, na penseli yako nyekundu ilikuwa bado mbichi kama ya jana.

"Dirishani" ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja. Chini yake: "Kichwani. Mkaguzi kasema."

Msafiri alisoma, akatoka nje kutafuta maji ya kunywa ambayo hakuyahitaji.

Sijui nikueleze nini kuhusu dakika ile. Nilikuwa nimebeba jambo hili miezi mitatu nikijiona mshitakiwa, na ushahidi ulikuwepo kweli, umeandikwa na umetiwa jina. Lakini haukuandikwa na mtu anayeshitaki. Wewe ulimwandika mtoto wa miaka kumi na tano mgongoni mwa jiwe lako bora kuliko yote kwa sababu alikuwa na rai, nawe uliifuata. Sote wawili hatukujua. Sasa mmoja wetu anajua, na huyo ndiye mkaguzi.

Nikamwita Msafiri tulibebe pamoja. Tukalisimamisha kwenye reli ya dirisha, sehemu kioo kinapopita kikifungwa, mgongo ukitazama chumbani. Limekaa kama lilikatwa kwa ajili ya pale. Upande mmoja kuna jamvi na upepo, upande mwingine pazia. Uzito wake unaujua mwenyewe.

Mama alirudi kitandani, akatazama pale ukutani palipobaki saruji tupu yenye madoa matano, akavuta mto akauweka hapo.

Alasiri Shangazi alikwenda dirishani. Nikamsikia akisukuma. Akasukuma tena, kwa bega.

"Nani kaweka jabali hapa?"

"Kaka yako," Mama alimjibu.

Nilisogea mlangoni. Shangazi alikuwa ameinama, anasoma mgongo wa jiwe, ule uliokatwa na ule uliobaki, kidole kinafuata herufi. Kisha akalivuta pazia vizuri, bila kugusa kioo, akasema anakwenda kuweka chai.

Kwa hiyo, Baba, hapa nilipo nasikia. Mama anapunga nguo ili mbu watoke, na kupitia dirisha lenu vijana wa bodaboda wanabishana nani alifika kwanza, mmoja anamwita mwenzake kichwa cha nazi, na Mama anacheka kidogo kwa ndani. Bado nina hofu. Kesho nitapiga simu tena, ninajijua. Lakini nitasikiliza kwanza kelele, kabla sijauliza.

Pumzika, Baba. Jiwe liko dirishani, kama ulivyoandika mwanzo.

Mwanao,
mkaguzi uliyemsikiliza.